Mafuta ya Midomo ya Mwanasha

"Ni moshi wako, Mama Felisian, uliomziba mwanangu macho," alikuwa akisema Mama Mwanasha, keshaingia uani kwa jirani yake na Bwanali mgongoni. "Tangu uanze kuchoma korosho zako, mtoto haoni."

Mama Felisian hata hakuinuka. Aliendelea kugeuza korosho zake, akajibu kama mtu anayefukuza kuku. "Moshi hutoa machozi. Usaha huo nao ni wa moshi? Wanangu hushinda hapa jikoni, na macho yao safi. Kamnawishe mwanao uso, mama."

Majirani wa kijiji cha Ruponda walikwisha kujaa, maana ugomvi ulikuwa mtamu kuliko kulima. Huyu alisema moshi, yule alisema kijicho, na asiyejua kitu ndiye aliyesema zaidi. Mama Mwanasha akaapa kwenda kwa balozi wa nyumba kumi, moto ule uzimwe siku hiyohiyo.

Mwanasha, wa darasa la tano, alisimama nyuma ya mama yake akitazama chini. Yeye ndiye aliyejua. Mganga wa zahanati, Bwana Eustakio, alimkabidhi yeye tyubu ya dawa, akamwonyesha kuipaka ndani ya kope la chini la mdogo wake, asubuhi na jioni, mpaka siku zote alizoambiwa zitimie, hata macho yakionekana safi. Matongotongo yalipokauka tu, Mwanasha akamwambia mama yake kwamba dawa imekwisha. Haikuwa imekwisha. Mwaka ule mafuta ya kujipaka hayakuonekana madukani, na wenzake walikuwa wakiicheka midomo yake iliyopasuka. Basi siku ya gulio dawa ya Bwanali ikapakwa midomoni, na siku zilizofuata pia, mpaka macho ya mtoto yakaziba tena.

Mama Felisian alimkazia macho. "Duka la kijiji halina hata mafuta ya taa, na midomo ya huyu inang'aa. Umepaka nini, bibi arusi?"

Mwanasha akaangua kilio. Akafungua pindo la kanga, akatoa tyubu iliyobanwa mpaka ikawa bapa, akasema yote. Ghafla majirani wakayakumbuka mashamba yao, mmoja mmoja.

Mama Felisian akauzima moto wake mwenyewe, akampokea Bwanali kutoka mgongoni mwa mama yake. "Twende zahanati," alisema. "Matusi tutayamalizia njiani."

Bwana Eustakio alitoa tyubu nyingine, lakini hakutabasamu. "Macho yakionekana safi, vijidudu bado vimo," alimwambia Mwanasha. "Ukiikatiza dawa, vinarudi. Na kila mtu afutie uso kitambaa chake, msiambukizane. Dawa ya mgonjwa si pambo, binti. Uongo wako ungemgharimu mdogo wako macho."

Safari hii mama alipaka mwenyewe na Mwanasha akamshika Bwanali kichwa, mpaka siku ya mwisho. Macho yakafunguka, na kazi yake ya kwanza mtoto ikawa kuwakimbiza kuku wa Mama Felisian.

Mama Mwanasha akaenda na wanawe kuomba radhi. "Nilikukosea, jirani."

"Sana," alijibu Mama Felisian, akijaza maji ya kunawa. "Ingieni, ugali unapoa. Na wewe bibi arusi, nawa, uingie ule. Mboga imeungwa kwa korosho. Itakung'arisha midomo bila kumwibia mtu dawa."