Konzi ya Unga na Kalamu ya Nyigu

Kila Ijumaa akitoka shule, Akoth alipitia dukani kwa Mohinder kabla ya kufika kwao, mtaa wa Section 58. Mohinder alinunua magazeti ya zamani ya kufungia sukari, na alimruhusu Akoth asome moja pale kwenye benchi. Mwaka huo wa 1973 Akoth alikuwa na miaka kumi na mitatu, na katika gazeti zima alipenda kona moja tu, ya mwandishi aliyejiita Nyigu.

Huyo Nyigu alikuwa bingwa wa kubeza. Mwalimu akisifiwa, Nyigu aliandika kwamba anatafuta cheo. Watu wakichimba kisima, aliandika kwamba wanataka kupigwa picha. Hakumwamini mtu, hakupenda kitu, na kwa kazi hiyo ya kutemea mate chakula cha wenzake alilipwa mshahara. Akoth naye, maskini, akadhani huo ndio werevu. Akaanza kubinua midomo nyumbani, na hata kanisani wakati wa sala alifumbua jicho moja awachungulie wanaoomba.

Ijumaa moja Nyigu aliandika: "Wajane wanatajwa, wazee wa kanisa wananenepa." Hakutaja kanisa, hakutaja mji. Lakini Akoth alishtuka, maana yeye ndiye aliyekusanya unga wa wajane. Kina mama wa kanisa lao walikuwa na desturi yao: kila aliyesonga ugali aliweka konzi moja ya unga kando, kwenye mkebe. Kila Jumamosi Akoth alipita nyumba kwa nyumba na debe, kisha Mzee Hezekiah, mzee wa kanisa, akaupeleka unga mtaa wa Rhonda kwa Nyanya Rael, mjane kipofu asiye na mtoto wala shamba.

"Mbona umenuna?" Mohinder akamuuliza.

Akoth akamsomea. Mohinder akalichukua gazeti, akaligeuza huku na huku, akamimina sukari.

"Hii kazi yake ni kufunga sukari, mtoto. Na hata kwa sukari, naangalia kwanza kama iko safi."

Akoth hakumsikiliza. Kesho yake, mlangoni kwa Mama Kimutai, alisema kwa sauti ya mtu ajuaye mambo, "Mimi nachukua tu, mama. Lakini gazeti limesema wanaokula unga huu ni wazee wa kanisa."

Mama Kimutai akasita. "Gazeti limesema?"

"Limeandika kabisa."

Mkebe ukarudi rafuni. Umbea una miguu mirefu. Ulimtangulia Akoth hadi mlango wa mwisho, na debe lililozoea kujaa likafika kwa Mzee Hezekiah halina hata robo.

"Kina mama wamesafiri?" mzee akauliza.

"Sijui, mzee."

Hezekiah alikuwa mwembamba, koti lake viraka vitupu. Mwenye macho angejiuliza huo unene uko wapi. Lakini akili iliyoumwa na Nyigu haikosi jibu: Akoth alijiambia kwamba wembamba ndio ujanja wenyewe. Mzee akaingia jikoni kwake na debe, akatoka nalo, na sasa koti lake lilikuwa limetuna ubavuni. Ameiba, Akoth akawaza, akafurahi. Mzee akafunga debe nyuma ya baiskeli, akaanza kuisukuma, na Akoth akamfuata kwa mbali mpaka Rhonda, amfichue.

Mlango wa Nyanya Rael ulikuwa wazi. Bibi kizee aliingiza mkono ndani ya debe, kama alivyofanya kila wiki.

"Hezekiah, siku zote unga hunifika kiwikoni. Leo vidole vinagonga bati. Nimewakosea nini watu wa kanisa?"

"Hujakosea kitu, dada," alisema mzee. Akafungua koti, akatoa kifurushi, akamimina unga wake mwenyewe ndani ya debe.

"Na nyumbani kwako mtakula nini?"

"Kwangu tumeshakula."

Akoth aliona aibu mpaka masikio yakamwasha. Akaingia.

"Ni mimi, nyanya. Nimewaambia watu mzee ni mwizi, na sijaona kitu."

Nyanya Rael akageuza uso kuelekea ile sauti. "Wewe ndiye msichana wa debe? Kila Jumamosi nakuombea miguu yako isichoke."

Afadhali angemchapa. Jioni ile Akoth alirudi kwenye milango yote, mmoja baada ya mwingine.

"Na sasa gazeti limesemaje?" Mama Kimutai akamkejeli.

"Sijui, mama. Mimi natoka kwa Nyanya Rael. Nilidanganya, na mzee amempa unga wa watoto wake."

Mama Kimutai alimtazama sana, kisha akaenda kuchukua mkebe.

Jumamosi iliyofuata Akoth alikwenda Rhonda pamoja na mzee, njiani akimsimulia habari ya Nyigu na neno la Mohinder. Mkono wa Nyanya Rael ukazama ungani hadi kiwikoni.

"Usiache kusoma, mwanangu," Hezekiah akamwambia. "Wezi wapo, hata kanisani, na kuwasema si dhambi. Lakini anayesema awe ameona. Nyigu hakuona kitu, anadharau tu, na kudharau hakumtoi mtu jasho. Mohinder hukagua karatasi kabla ya kumimina sukari yake. Wewe akili uliyopewa na Mungu unaimimina popote?"

 Nyanya Rael, mkono ukiwa bado mweupe kwa unga, akamwambia Akoth aache kusimama kama mgeni, akoleze moto, ugali usongwe.