Krimu ya Alizeti ya Mama Mdogo

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Yasinta alimsaidia mama yake, Rahel, kumwagilia matuta ya mchicha na chainizi. Bustani yao ilikuwa Mwankoko, pembezoni mwa mji wa Singida, chini kidogo ya mabwawa yanayosafisha majitaka ya mjini. Maji yaliyotoka bwawa la mwisho ndiyo waliyomwagilia. Hata kiangazi kilipokausha mashamba ya uwele, bustani ya Rahel ilibaki kijani, na mboga zake ndizo zilizomlisha na kumsomesha Yasinta tangu baba yake alipofariki.

Mtu mwingine aliyemlea ni mama yake mdogo, Ritha. Ritha alikuwa na saluni mtaa wa juu, na humo alitengeneza krimu ya kung'arisha uso.

"Ni mafuta ya alizeti, asali na nta ya nyuki," aliwaambia wateja. "Kingine hakuna."

Yasinta aliyabeba maneno hayo jinsi yalivyo. Aliyarudia shuleni, akaisifia krimu, akampa rafiki yake Amne kikopo kizima. Mashavu ya Amne yalipoanza kutoka vipele, Yasinta alisema ni joto tu. "Mama mdogo hawezi kunipa kitu kibaya," alimhakikishia.

Siku moja, likizo ikiwa ndiyo imeanza, mwanamke aliyevaa buti za mpira aliingia bustanini. Aliitwa Magreth, mtaalamu wa maabara katika mamlaka ya maji. Baada ya salamu alizungumza taratibu, kama mtu aliyetumwa kupeleka habari ya msiba.

"Dada Rahel, naomba mboga hizi zisiende sokoni, na wala msizile. Tumepima maji ya bwawa la mwisho, tumekuta zebaki."

"Zebaki ndiyo nini, dada yangu?"

"Ni sumu. Huharibu figo na mishipa ya fahamu. Mle mabwawani kuna vijidudu visivyoonekana kwa macho, ndivyo vinavyokula uchafu. Lakini zebaki hakuna kinachoila. Nyingine inabaki kwenye tope, nyingine inapita na kuja huku kwenu."

Rahel alikaa juu ya tuta.

Jioni ile Ritha alifika mbio na mfuko wa unga na sukari. Alimkumbatia dada yake, wakalia pamoja. "Watu gani hawa wasio na huruma!" alisema. "Mungu atawaonyesha." Yasinta alimtazama akampenda zaidi ya siku zote.

Kesho yake alimfuata Magreth mabwawani.

"Shikamoo. Mtamjuaje aliyemwaga?"

"Marahaba. Tutapanda na bomba, mwanangu. Kila linapogawanyika, tunachukua maji ya kila upande. Upande wenye zebaki ndio tunaoufuata."

Yasinta aliomba kwenda naye, na mama yake akakubali. Yasinta alizijua chemba zote za majitaka za mitaa ile, maana watoto waliruka kamba juu ya mifuniko yake. Magreth alivaa glavu, akachota na kufunga chupa mwenyewe. Yasinta hakuruhusiwa kugusa hata tone. Chupa zilipelekwa maabara Dodoma, nao wakasubiri. Majibu yalipokuja, bomba la upande wa sokoni lilikuwa safi, la upande wa stendi likawa safi, lakini lile la mtaa wa juu halikuwa safi. Wakarudi tena, wakachota tena. Yasinta alitembea kwa hamu, akiwaza jinsi atakavyomwonyesha mama yake huyo adui.

Bomba likawafikisha kwenye chemba iliyokuwa nyuma ya saluni.

"Hapa ni kwa mama mdogo," Yasinta alisema, na sauti yake ikawa ndogo.

Magreth alimwangalia kwa huruma. "Basi tutapima kama tulivyopima kwingine. Nenda nyumbani upumzike."

Yasinta hakwenda nyumbani. Magreth alipoondoka, aliingia saluni kwa mlango wa nyuma. Ritha alikuwa ameinama anasuuza ndoo, na maji meupe yakimiminika kwenye shimo la bomba. Kando yake palikuwa na kopo lililojaa unga mweupe.

"Huo unga ni wa nini, mama mdogo?"

Ritha alishtuka. "Wa kung'arisha. Alizeti peke yake haing'arishi mtu, mwanangu. Bila huu wateja hawarudi."

"Una zebaki?"

Ritha alijifuta mikono kwenye khanga, akajifuta tena ingawa mikono ilikuwa imeshakauka. "Aliyeniuzia aliniambia imo. Nikajua ni kidogo, haiwezi kumdhuru mtu."

"Kwa hiyo siku ile bustani ilipofungwa, ulijua?"

"Nilihisi."

"Ukaja kumlilia mama."

"Nililia kweli, Yasinta!"

"Halafu ukarudi kuchanganya tena."

Ritha alimshika mabega. "Nisikilize. Mimi nimekubeba mgongoni. Ukilisema jambo hili, utakuwa umenisaliti."

Yasinta aliiondoa mikono yake taratibu, akatoka. Alikumbuka kila mtu ambaye yeye mwenyewe alimwambia kwamba krimu ile ni alizeti tupu, na kila jina lilimchoma.

Alianzia kwa Amne. Rafiki yake alifungua mlango akiwa amejivuta mtandio hadi machoni.

"Acha kuipaka ile krimu. Ina sumu."

"Si wewe uliyeniambia ni salama?"

"Nami niliambiwa hivyo. Nisamehe, Amne."

Amne alikwenda kukileta kikopo, akakiweka mkononi mwa Yasinta na kufunga mlango.

Nyumbani, Yasinta alimweleza mama yake yote, neno kwa neno. Alipomaliza, Rahel alijifunga khanga vizuri, wakaongozana hadi kwa Magreth.

Majibu kutoka Dodoma yalithibitisha. Maafisa wa afya waliifunga saluni, wakachukua unga na krimu yote, na Ritha akafikishwa mahakamani. Alitozwa faini na kuamriwa kuvikusanya vikopo kutoka kwa wateja wake. Alipita nyumba kwa nyumba akieleza kilichokuwamo. Amne alipimwa hospitali, na Yasinta na mama yake pia, kwa kuwa walikuwa wamekula mboga zile. Vipele vya Amne vilichukua muda, vikapona, na shule ilipofunguliwa alirudi kukaa karibu na Yasinta. Mboga zilizokuwa bustanini zilifukiwa. Tope la mabwawa liliondolewa, maji na udongo wa bustani vikapimwa tena na tena, hadi Rahel aliporuhusiwa kupanda upya mvua za kwanza zilipokuja.

Ndipo Ritha alipofika bustanini. Alisimama nje ya ua.

"Dada, nimekukosea. Nisamehe."

"Nimekusamehe," Rahel alisema akiendelea kupanda. "Lakini kukuamini kutachukua muda. Usinihimize."

"Shikamoo, mama mdogo," Yasinta alisalimia. Hakumkimbilia kama zamani.

"Marahaba, mwanangu," Ritha alijibu, akaondoka akiwa ameinamisha kichwa.

Yasinta alimtazama mpaka alipopotea. "Mama, alisema nimemsaliti."

Rahel aliweka jembe chini. "Hukumsaliti. Msaliti ni yule anayeijua sumu akainyamazia, hata akiwa ndugu. Kilichomwagwa kule juu kilitufikia sisi huku. Ungenyamaza, Amne na wateja wengine wangeendelea kujipaka sumu ile. Mpende mama yako mdogo, ni damu yako. Ila mtu akikupa kitu, hata awe anakupenda namna gani, uliza kwanza kina nini ndani yake, ndipo umpe mwenzako."

"Nitauliza, mama," Yasinta alisema, akachukua mbegu na kuanza tuta lililofuata.