Jina la Mama Limeandikwa kwa Nani?

"Umeniuza! Mtoto niliyemzaa mwenyewe, umeniuza!"

Tepu ya kupimia ikanipiga shavuni kabla sijafungua mdomo.

"Mama, nisikilize kwanza..."

"Nikusikilize nini? Sketi hizi hapa! Mia na ishirini! Hizi nazo nizisikilize?"

Jamani, ngoja niwaweke sawa. Hapo ni sebuleni kwetu, na sebule yetu ndiyo karakana ya Mama. Cherehani mbili, meza ya kukatia, vitambaa vimepanda mpaka juu ya kabati. Mama anashona sare za shule, mwaka wa kumi na saba huu. Juu ya meza kuna boksi, na pembeni ya boksi amesimama Mwalimu Mkuu wa shule ambayo ndiyo mteja wetu mkubwa kuliko wote. Amekunja mikono.

Akachomoa sketi moja. Akavuta mfuko kidogo tu.

Krrrch!

Mfuko ukabaki mkononi mwake.

"Fundi, shule inafunguliwa Jumatatu. Niwavishe watoto hizi?"

"Mwalimu, hizi sijashona mimi!"

"Nimeagiza kwenye tovuti yenu. Ile ile ya siku zote. Jina lako, picha zako, kila kitu."

Macho yote yakanigeukia. Kwa nini? Kwa sababu tovuti niliitengeneza mimi. Nimemaliza shule mwaka jana, kazi sina, na kutulia sehemu moja siwezi, hilo hata majirani wanalijua. Leo narekebisha simu, kesho nafundisha watu kompyuta, keshokutwa nimechoka na vyote. Lakini ile tovuti... ile ndiyo kitu pekee nilichowahi kukianza nikakimaliza.

Kwenye kochi amekaa Mjomba, mdogo wake Mama, tumbo moja. Anapuliza chai taratibu, kama yuko harusini.

"Dada, nilikuambia mimi. Vijana wa sasa hawa... mtu anapokea oda, anazipeleka kwa mafundi wa vichochoroni."

"Anko! Mimi?!"

"Sijasema wewe. Nimesema vijana."

"Mama, wiki ya tatu hii siwezi hata kuingia kwenye hiyo tovuti! Nywila inakataa! Si nilikuambia?"

"Uliniambia inasumbua! Hukuniambia inaiba!"

Mama akaikwapua ile sketi, akaigeuza ndani nje, akasogea nayo dirishani.

"Mwalimu, njoo uone. Nguo yangu kwenye mkanda, kwa ndani, ina mshono mmoja wa uzi mwekundu. Kila nguo! Hata ya mtoto wa chekechea. Hapa kuna uzi mwekundu?"

Mwalimu Mkuu akaangalia. Akachukua ya pili. Ya tatu...

Hakuna.

"Basi nani kashona?"

Mjomba akameza chai, nikaisikia ikishuka.

Sasa hapa lazima niwarudishe nyuma, maana bila hii hamtanielewa. Tovuti ni kama duka, sawa? Na jina la tovuti, lile unaloliandika ili ifunguke, ni kama kibao cha njiani. Akitokea mtu akakigeuza kibao, wateja wako wote wanaishia kwa mwingine huku wanajua wamefika kwako. Na hilo jina halidondoki toka juu. Linasajiliwa, kupitia kampuni za usajili.

Mimi kampuni niliitafuta siku nne. Sitanii! Nilihakikisha ipo kwenye orodha ya wale wanaotambuliwa rasmi. Nikasoma masharti, mpaka yale maandishi madogo kama sisimizi. Ukitaka kuhama na jina lako wanakupa msimbo wa kulihamisha, hawakuzungushi. Bei ya mwaka wa pili wameiandika wazi, siyo ile ya mwaka wa kwanza ya kukutegea. Nikapiga simu. Akapokea binti, nikamuuliza swali la kijinga makusudi, akanijibu bila kununa.

Nikamwambia Mama, hawa hapa ndio wenyewe.

Mjomba alicheka mpaka akakohoa.

"Hao unawajua? Umewahi kula nao sahani moja? Mimi nina kampuni ya mshikaji wangu, mwaka wa kwanza bwerere. Mimi ni damu yenu, mpwa wangu. Hao ni nani?"

Mama akasema, "Mwachie mjomba wako."

Nikamwachia. Fomu ikajazwa kwenye duka lake la kuchapisha, mimi nikapewa nywila tu. Nikajiona bosi. Bosi wa nini sasa?

Haya, turudi sebuleni.

"Tuwapigie huduma kwa wateja ya hiyo kampuni ya mshikaji wa anko," nikasema. "Sasa hivi, mbele ya Mwalimu. Watuambie nani kabadilisha nywila."

"Leo hawafanyi kazi," Mjomba akadakia fasta.

"Leo Alhamisi, anko. Saa nne asubuhi."

Nikaitafuta namba iliyo chini ya barua pepe zao. Nikaweka sauti kubwa. Nikapiga.

Ikaita...

Ikaita...

Koti la Mjomba likaanza kulia!

Nyie! Siyo ile simu yake tunayoijua, hiyo ipo mezani karibu na kikombe. Nyingine! Mfukoni, ndani ndani huko, inatetema mpaka kochi linatetema!

Nikakata. Ikanyamaza.

Nikapiga tena. Ikalia tena!

"Pokea basi, anko. Mteja anasubiri."

"Hii... hii ni simu ya ofisi."

"Ofisi ya nani?"

Wala sikungoja jibu. Mtandaoni kuna mahali pa wazi, unaandika jina la tovuti, wanakuonyesha limesajiliwa kwa nani. Nikaandika letu. Nikasoma kwa sauti.

Mmiliki: Mjomba, majina yake yote matatu. Barua pepe: ya Mjomba. Simu: hiyo hiyo ya kwenye koti.

Mshikaji wa kampuni ni yeye! Kampuni ni koti!

"Dada, nilikuwa nalilinda jina! Oda zilikuwa nyingi, nikawapa mafundi wengine nikupunguzie mzigo..."

"Kwa picha za nguo zake? Na oda ziingie kwenye namba yako?" Nilikuwa napiga kelele sasa.

Mwalimu Mkuu akazirudisha sketi kwenye boksi, moja moja.

"Fundi, nakuamini. Hukushona wewe. Lakini Jumatatu ni Jumatatu, na mimi siwezi kukaa hapa kusuluhisha ukoo. Nimeshapata mtu mwingine."

"Mwalimu, nipe siku mbili tu! Nitakesha!"

"Mwakani tutaona."

Akabeba boksi lake. Akaenda. Miaka kumi na saba ikatoka naye mlangoni.

Nikamgeukia Mama. Nilidhani sasa zamu ya tepu ni ya Mjomba.

"Mama, usilie. Tutaandika malalamiko, jina litarudi. Nitalipeleka kwa wale wangu wa mwanzo, safari hii kwa jina lako..."

"Mjomba wako hakujiandika mwenyewe."

"Nini?"

"Aliniuliza. Fomu inataka mwenye jina, niandike nani, mtoto? Nikamwambia andika lako."

Nikaishusha simu mezani.

"Kwa nini, Mama?"

"Wewe leo upo, kesho haupo. Sufuria tu ukianza kuiosha hufiki mwisho. Nikupe wewe jina la kazi yangu uende nalo wapi?"

"Si ungeweka lako!"

"Mimi mambo ya kompyuta nayajulia wapi?"

"Kwa hiyo unanipiga na tepu, unajua kabisa jina liko kwake?"

Mama akainama kuokota pini ambayo haikuwepo.

Mjomba akakohoa. "Haya mambo ni ya ndani. Tutayamaliza ndani."

Na Mama, mama yangu mzazi, akachukua kile kikombe.

"Chai imepoa, mdogo wangu. Nikuongezee?"

...

Wadau, mtanisema kwenye komenti, semeni tu. Ila wewe unayetaka kufungua tovuti, nisikie mimi niliyeungua. Usiniambie anayekusajilia ni ndugu yako. Niambie pale kwenye mmiliki pameandikwa nani. Niambie siku ukitaka kuondoka na jina lako, atakuachia? Simu yao ukipiga, inalia wapi? Mama haruhusu sketi moja itoke nyumbani bila uzi wake mwekundu. Jina lake mwenyewe akalitoa halina hata alama.

Nikachukua begi langu nyuma ya cherehani.

"Umeona?" Mama akasema, hata hakunitazama, anamimina chai. "Si nilisema? Hatulii huyu."

Mlango wetu una tabia ya kugoma, mpaka uunyanyue kidogo ndiyo unakubali.

Nikaunyanyua.

Nikatoka nje, nikaufunga.