Sahihi ya Pili

Fukochuma, mashine ya kuchimba yenye umbo la fuko, aliinamisha kichwa, akazungusha meno yake, akazama ardhini kana kwamba anaingia majini. Watu waliokusanyika kwenye uwanda wa Nyasumbi wakahesabu kimoyomoyo. Hawakufika ishirini. Akaibuka hatua kadhaa mbele, mgongo umejaa vumbi jekundu, tumboni amebeba vichupa sita vya kioo vilivyojaa udongo, kila kichupa kutoka kina chake. Hakupumzika. Akatambaa kidogo, akazama tena.

Ilikuwa mwaka 2094. Ziwa lilikuwa limemeza mitaa minne ya jiji, na familia mia moja na kumi na mbili zilikuwa zikiishi kwenye mahema. Ardhi pekee iliyobaki ya kuwapa ilikuwa uwanda huu, ambako wazee wa zamani walisafisha dhahabu kwa zebaki. Zebaki haiozi. Hukaa udongoni miaka na miaka, na ikimwingia mtu hushika ubongo na figo. Mtoto aliye tumboni ndiye huumia kuliko wote. Kwa hiyo sheria ya jiji ilikataza kujenga hata banda la kuku hapo kabla udongo haujapimwa.

Kalunde Mihayo alisimama kando ya sanduku la barafu, kalamu mkononi, akibandika lebo. Kwa miaka ishirini na miwili yeye ndiye aliyekuwa mchukua sampuli mkuu wa Nyasumbi. Alikuwa akitoboa ardhi kwa kekee ya mkono, shimo baada ya shimo, na kazi aliyoifanya fukochuma asubuhi ile ingemchukua siku tisa. Sasa kazi yake ilikuwa kuandika namba kwenye vichupa.

Aliyemwongoza fukochuma alikuwa Minza Luhende. Kalunde ndiye aliyemfundisha Minza kila kitu: kubadili glavu kila shimo, kuosha kekee mara tatu ili udongo wa huku usiende kuchafua wa kule, kujaza kichupa hadi mdomoni. Minza alikuja kwake akiwa hajui hata kushika koleo. Leo amevaa koti jeupe la mhandisi, na kamera za jiji zinamzunguka kama nyuki. Bwana Machibya, mkurugenzi wa mazingira, alikuwa akipiga makofi kila fuko alipoibuka. Akageuka kumtazama Kalunde, na Kalunde naye ikabidi apige.

Wivu ulimkaa kifuani kama kiungulia. Hakuwa mtu mbaya, na alijua hivyo. Alishawahi kumuuguza Minza wiki nzima kwa homa. Lakini kila alipolisikia jina la Minza likitajwa kwenye kipaza sauti, aliona kama anavuliwa nguo hadharani.

Ndipo alipopokea kichupa cha shimo la kumi na nne, akakishika bila glavu kwa haraka ya kazi. Kilikuwa na joto. Si joto la jua. Joto kama la chapati iliyotoka kwenye kikaango. Ndani ya kioo, juu ya udongo, kulikuwa na ukungu mwembamba.

Kalunde alielewa papo hapo. Ardhi ya Nyasumbi ni ngumu kama tofali, na meno ya fuko yalikuwa yakizunguka kwa kasi hadi yanapata moto. Zebaki haipendi moto. Ikipashwa huruka hewani kama mvuke wa chai. Sampuli iliyopashwa joto itafika maabara ikiwa imeshapoteza sumu yake, na ardhi yenye sumu itaonekana safi.

Akafungua mdomo kusema. Wakati uleule, Minza alikuwa akiiambia kamera, "Zamani tulitumia mikono. Ilikuwa kazi ya kukisia. Sasa hatukisii tena."

Kukisia. Miaka ishirini na miwili ikawa kukisia.

Kalunde akafunga mdomo. Akabandika lebo, akakiweka kichupa kwenye barafu. Maabara wataona wenyewe, alijiambia. Watamwita Minza, wamuulize mbele ya watu, na yeye ataona utamu wa kamera. Mimi siku hizi ni mbandika lebo tu.

Jioni ile bangili yake ya simu ilitetema. Barua-sauti kutoka kwa Minza. Kalunde alilitazama lile jina likiwaka mkononi, akasema peke yake, "Anataka kunitambia." Hakuifungua. Kesho yake ikaja nyingine, na keshokutwa ya tatu. Hakuifungua hata moja. Baadaye akasikia kwamba Minza na fuko wake wametumwa mji mwingine kwa wiki tano, akafurahi kwamba hatamwona.

Maabara hawakuona kitu. Ramani ya uwanda ikatoka kijani mwanzo hadi mwisho, viwanja vikagawiwa, na mashine za ujenzi zikasimamisha nyumba mia moja na kumi na mbili kwa siku kumi. Kalunde alikosa usingizi siku mbili za mwanzo. Kisha akauzoea ule ukimya wake, kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana.

Wiki ya nne tangu watu wahamie, Jumapili, alitembelewa na Milembe. Huyu alikuwa jirani yake wa ukuta kwa ukuta kabla ziwa halijaja, mwanamke mcheshi, na sasa alikuwa na mimba ya miezi sita. Alikuja na fungu la mchicha.

"Nimekuletea wa shambani kwangu, dada," alisema akijitupa kwenye kiti. "Nyumba ina vyumba vitatu. Siamini mpaka leo. Asubuhi naamka nagusa ukuta."

"Hongera, mdogo wangu," Kalunde alisema. Mchicha aliuweka chini polepole.

Walizungumza. Katikati ya mazungumzo Milembe akaingiza mkono kwenye mfuko wa gauni, akatoa kipande cha udongo mwekundu, akakimega kwa meno.

"Unakula nini?"

"Si unajua mambo ya mimba? Sokoni wanauza mgumu kama jiwe. Huu nachimba hapo nyuma ya jiko. Laini, una harufu ya mvua." Akamnyooshea kipande. "Onja."

Kalunde aliinuka kwa ghafla hata kiti kikaanguka. Akamnyang'anya udongo ule, akamshika mikono yote miwili.

"Umekula kwa muda gani?"

"Tangu tumehamia. Dada, kuna nini?"

Kalunde alimpa maji asukutue, akamwomba kwa jina la mama yake asitie tena udongo ule mdomoni hadi atakapomwambia, akatoa kekee ya mkono uvunguni mwa kitanda.

Alasiri yote alipiga magoti nyuma ya jiko la Milembe. Alizungusha kekee taratibu, mizunguko mitatu kisha anapumua, ili chuma kisipate joto. Alivaa glavu mpya kila shimo. Udongo ulipanda baridi na unyevu, akaujaza hadi mdomoni mwa kichupa pasibaki nafasi ya hewa, akafunga, akaufukia kwenye barafu. Mashimo matano. Vichupa akavipeleka maabara mwenyewe, akavikabidhi mkono kwa mkono, akasubiri. Jibu lilipotoka, zebaki ilikuwa mara kumi na nane ya kiwango kinachoruhusiwa.

Minza alikuwa amerudi siku hiyohiyo. Kalunde alimkuta karakana, akifuta meno ya fukochuma kwa kitambaa.

"Shikamoo, dada," Minza alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeumizwa.

Kalunde alimpa karatasi ya maabara. Minza akasoma, akasoma tena, akakaa chini sakafuni.

"Kwa hiyo meno yalikuwa ya moto kweli," alisema.

"Ulijua?"

"Nilihisi. Jioni ile nilishika meno yake, yakaniunguza. Nikamwendea Bwana Machibya, akasema sheria inataka sahihi za wachukua sampuli wawili ndipo matokeo yasimamishwe. Jiji hili lina wawili tu, dada. Mimi na wewe." Akainua macho. "Hukusikiliza barua zangu?"

Kalunde aliifunika bangili yake kwa kiganja.

"Nilikutumia tatu. Nikasema, njoo na kekee yako tupime kwa mkono, mimi mashine hii siiamini. Uliponyamaza nikajua umepima kwa akili zako ukaona nimekosea. Wewe hukosei udongo. Nikaona ni woga wangu tu, nikaondoka."

"Uliiambia kamera tulikuwa tunakisia," Kalunde alisema, na aliposikia maneno hayo yakitoka mdomoni mwake akaona jinsi yalivyo madogo.

"Niliandikiwa nisome," Minza alisema. "Niliona aibu hata kukutazama."

Wakatia sahihi zote mbili palepale, juu ya mgongo wa fukochuma. Kesho yake ramani ikageuka nyekundu, na familia mia moja na kumi na mbili zikarudishwa kwenye mahema. Watoto walipimwa damu, wajawazito wakapimwa kwanza. Damu ya Milembe ilikutwa na zebaki. Daktari alimwambia hawezi kusema lolote juu ya mtoto mpaka azaliwe, na pengine hata hapo itabidi wasubiri hadi aanze kutembea na kuongea.

Kalunde alimfuata hemani. Milembe alikuwa amekaa nje kwenye ndoo, mikono juu ya tumbo.

"Wanasema mashine ilikosea," Milembe alisema.

"Ilikosea."

"Na wewe ulikuwepo siku ile. Nilikuona kwenye picha. Ulijua lini, dada?"

Kalunde angeweza kusema Jumapili. Hakuna aliyekishika kile kichupa kikiwa na joto isipokuwa yeye.

"Siku ileile," alisema. "Kabla hawajamaliza kuchimba."

Milembe alimtazama kwa muda mrefu, kama anayetafuta uso aliokuwa akiujua. Kisha akajiinua kwa shida, akiushika mgongo, akaingia ndani, akashusha pazia la hema na kulifunga kwa kamba.