Ni Vumbi Tu

Picha ilitoka safi, safi kupita kiasi, na hapo ndipo Karenzi angepaswa kushtuka. Lakini ashtuke saa ngapi? Mlangoni palikuwa na wateja wengine wanamsubiri, na Karenzi, mwenye kile kiduka cha kuskani na kuchapa karatasi kwenye barabara iendayo Petite Barrière, kivuko cha mpakani cha kwenda Goma, mjini Gisenyi, alikuwa na ugonjwa mmoja: haraka.

Skana yake ni ile ya kioo, ya kufunua mfuniko. Kabla ya kazi, programu yake kwenye kompyuta inakuuliza mambo: unataka dpi ngapi, yaani picha iwe kali kiasi gani, rangi au nyeusi na nyeupe, ondoa vumbi, nyoosha rangi, kata kingo? Inauliza kwa adabu kabisa. Karenzi hakuwahi kuijibu. Siku aliyoinunua aliweka tiki kwenye visanduku vyote, akaziteremsha dpi mpaka chini ili taa ipite upesi, na tangu hapo kila kitu kikapita humohumo: kitambulisho, diploma, cheti cha ndoa, picha ya marehemu. Mtu mzima! Picha ya zamani inataka dpi mia sita, visanduku vyote vitupu, na wewe utulie kitini. Alilijua hilo, na ndiyo maana linaniudhi.

Mteja mwenyewe alikuwa Cansilde, mama anayeuza vitenge sokoni, aliyekimbia kutoka Goma mwaka ule volkeno ilipomwaga moto mjini. Picha aliitoa kifuani, ndani ya blauzi, kama alivyoibeba siku ya kukimbia. Ilikuwa ya Krismasi: watu wazima watatu mbele ya nyumba ya mbao, na pembeni kabisa, penye mkunjo, mtoto wa kike wa miaka mitano mwenye gauni jeupe. Mkono wake mmoja ulikuwa umenyooshwa pembeni, unasubiri mtu aushike. Majivu yalikuwa yameingia kwenye mkunjo na kumfifisha.

"Papa," Cansilde alisema, "ikuwe vile iko. Usiguse kitu. Unifanyie kubwa, nitundike kwa ukuta."

"Sawa, mama. Ila hapa pembeni pamechafuka." Karenzi aliweka kidole juu ya uso wa mtoto. "Ni vumbi tu, litatoka."

"Haiko vumbi! Ile ni mutoto wangu, Nyiraneza. Sina picha yake ingine."

"Mtoto, mama. Siyo mutoto." Karenzi alizaliwa Karagwe, Tanzania, na Kiswahili cha Goma kilimwasha masikio. Akabofya.

Jamani! Mama wa watu anakwambia huyu ni mwanangu, na wewe unamsahihishia herufi. Picha zote mbili, kubwa na ya zamani, zikatiwa kwenye bahasha ya kaki, bahasha ikabandikwa gundi, na Karenzi akaita, "Anayefuata!"

Asubuhi yake Cansilde alirudi. Sauti yake ilitangulia kufika.

"Wapi mutoto wangu?"

Alitandaza picha kubwa mezani. Watu wazima watatu, nyumba ya mbao, basi. Pembeni mbao zilikuwa zimeendelea mpaka ukingoni, nzuri, safi, bila mtu. Kisha akaweka ile ya zamani, karatasi yenyewe aliyoibeba kifuani miaka yote hiyo, na huko nako kulikuwa na mbao tupu.

Karenzi akaigeuza ile karatasi, akaigeuza tena. Programu huondoa punje kwenye kompyuta. Haiondoi mtu, na karatasi haiigusi kabisa. Mwenye haya angesema, mama, sijui limetokea nini, nisamehe. Unajua yeye alisema nini?

"Uliileta hivihivi."

"We uko muongo, na unajua uko muongo." Cansilde alimsogelea, na watu walishajaa mlangoni. "Siku ya volkeno nilimushika mukono toka nyumbani. Watu walikuwa wengi kwa njia, wakatusukuma, mukono ukachomoka. Sikumuona tena. Nilibakia na hii karatasi. Na wewe umemuita vumbi."

Akafunua mfuniko wa skana, akailaza picha ya zamani juu ya kioo, akafunika taratibu.

"Bon. Mutoto wangu haweze kukaa yeye peke yake," alisema. "Utaona."

Karenzi aliitoa ile picha na kuitupa kwenye droo, huku akiwaambia wateja kwamba mama huyo kichwa hakimkai sawa. Mchana akaona alama ya kiganja kwenye kioo, kiganja kidogo, vidole vimetawanyika. Akafuta kwa kitambaa. Akatia spiriti, akafuta tena, akawatukana watoto wa mtaa wanaoingia na mikono michafu. Alama haikutoka. Ndipo alipoinama, akatazama kwa ubavu, akaona kwamba ilikuwa upande wa chini wa kioo.

Baada ya hapo ikaja harufu ya mawe yaliyoungua, iliyokuwa inatoka kila mfuniko unapofunuliwa. Diploma ya msichana mmoja ikatoka na ncha za vidole vinne pembeni. Karenzi akaweka mipaka ya kukata kwa mkono, akavikata. Kwenye karatasi iliyofuata vilikuwa vimesogea ndani zaidi. Na siku mvua ilipotoka ziwani na kuzima umeme wa mtaa mzima, kompyuta ikafa, feni ikafa, na Karenzi akiwa amekaa peke yake anasikiliza bati, taa ya skana ikawaka yenyewe chini ya mfuniko na kuanza kutembea, zzz, zzz, polepole, kwa ule mwendo wa dpi kubwa ambao yeye hakuwahi kuuchagua hata siku moja, ikafika mwisho, ikarudi, ikaanza tena, na kutoka chini ya kioo pakasikika kugongwa, taratibu, kwa kiganja kilicho wazi, kama mtoto anayegonga mlango wa nyumba ambayo ana hakika kwamba ndani kuna watu.

Alichomoa waya ukutani. Taa iliendelea.

Angeweza kukimbilia sokoni saa ileile kumwomba Cansilde radhi. Hakwenda. Kiburi! Alisubiri mpaka jambo lilipofika kwake nyumbani.

Karenzi ana mke, Kabatesi, na mtoto mmoja, Bella, wa darasa la kwanza, mwenye pengo mbele na sweta ya shule ya bluu asiyotaka kuivua hata akila. Shule ilitaka picha yake ndogo. Karenzi aliweka picha ya pasipoti ya Bella kwenye kioo, taa ikapita, na kwenye kompyuta ukatokea ukuta mweupe wa studio, bila mtoto. Alirudia. Ukuta. Alipofunua mfuniko, pasipoti yenyewe ilikuwa ukuta. Akashika simu, akatafuta picha za ubatizo, za siku ya kuzaliwa, za ufukweni: keki ipo, ziwa lipo, Kabatesi anacheka huku amekumbatia hewa.

Jioni alimkuta Bella amekaa kizingitini, macho yamevimba.

"Mwalimu hakuniita jina," alisema. "Na mama nimemwita, nimemwita, hageuki."

Ndani, Kabatesi alikuwa ameandaa sahani mbili.

"Kabatesi." Karenzi alinong'ona, hakujua kwa nini ananong'ona. "Tuko wangapi humu ndani?"

Mkewe akamtazama, akatazama sahani, akahesabu kwa midomo. Kisha akajipiga kofi usoni. "Yebabawe! Nimepatwa na nini mimi? Mwanangu!" Akaleta sahani ya tatu huku analia, na katikati ya chakula, masikini, akainyanyua na kuirudisha kabatini, na Bella bado anakula.

Usiku Karenzi alimlaza mtoto katikati yao. Bella alikuwa na baridi ambayo blanketi haikuiweza.

"Baba, kuna katoto kanataka tushikane mikono," alisema. "Kanasema mukono yake imechoka."

"Mkono wake," Karenzi akamsahihisha kabla hajajizuia. Halafu akawasha taa, maana Bella hakuwahi kuongea hivyo.

Kulipokucha alimleta shehe mmoja anayesifika kwa kutoa majini. Shehe alisoma, akapuliza, kisha akalaza kiganja chake kipana juu ya kile kiganja kidogo. Aliutoa mkono upesi na kuuficha ndani ya kanzu.

"Jini ningelitoa," alisema kwa sauti ya chini, kama aliyechelea kusikiwa. "Huyu ni mtoto wa watu, amekufa, na ana hasira. Umemtoa mahali pake pekee palipombakia, anataka wa kukaa naye. Aliyemzaa ndiye wa kumrudisha. Nenda ukamwangukie, na umwambie kweli."

Cansilde alikuwa anakunja vitenge. Karenzi alipiga magoti palepale sokoni, mbele ya wanawake wote.

"Nisamehe, mama. Nilikudanganya. Mtoto alikuwepo, mimi ndiye niliyemtoa."

Cansilde hakuacha kukunja. "Unalia juu ya mutoto wangu, ao juu ya wako?"

Swali dogo tu. Ukweli ulikuwa mfupi, na mama huyo alistahili kuupata.

"Wote wawili," Karenzi alidanganya.

Cansilde akamtazama machoni. Hakuna aliyejua aliona nini. Akajifunga kitenge vizuri kiunoni. "Donc twende," alisema.

Dukani Karenzi alifanya kila kitu alichopaswa kufanya tangu mwanzo. Alitoa tiki kwenye visanduku, kimoja kimoja, ondoa vumbi, nyoosha rangi, kata kingo, mpaka vyote vikawa vitupu. Akapandisha dpi hadi mia sita. Picha ya zamani ikatoka kwenye droo, ikalazwa juu ya kioo, uso chini, na Cansilde akaweka mikono yake miwili juu ya mfuniko.

"Nyiraneza," aliita. "Kuya, mama. Kuya. Mi niko hapa, sikuachi tena."

Taa ikaanza kutembea, na safari hii ilitembea kama inayovuta kitu kizito, na mstari baada ya mstari picha ikajijenga kwenye kompyuta, paa, vichwa vya watu wazima, mbao, huku harufu ya mawe yaliyoungua ikijaa mpaka macho yakatokwa na machozi, na kule pembeni, mahali palipokuwa patupu, pakatokea utosi, kisha paji la uso, kisha macho mawili yanayotazama mbele bila kupepesa, kisha gauni jeupe, na ule mkono ulionyooshwa, na Cansilde akatoa mlio ambao haukuwa kilio wala kicheko.

"Ni yeye! Mutoto wangu, ni yeye!"

Taa ikazimika. Kiganja hakikuwepo tena chini ya kioo. Karenzi alifunua mfuniko, na kwenye karatasi ya zamani Nyiraneza alikuwa amesimama mahali pake. Limekwisha, alijiambia. Bella wangu amepona.

Cansilde alikuwa ameinama mbele ya kompyuta.

"Ila hapa kando ya mukono yake, papa," alisema kwa upole. "Hii ni nini?"

Ncha za vidole vya Nyiraneza ziligusa doa, doa la ukungu lenye ubluu kidogo, refu kama yeye. Rangi ya picha za zamani huvuja hivyo. Karenzi alikuwa amechoka, alikuwa anacheka peke yake, alikuwa tayari kumfanyia mama huyu lolote.

"Ni vumbi tu," Cansilde alisema. "Toa."

Kidole cha Karenzi kilikwenda chenyewe. Tiki, bofya. Doa likatoweka, mbao zikaendelea mpaka ukingoni, safi. Akachapa, akafunga programu, akatia picha zote mbili kwenye bahasha na kumpa kwa mikono miwili.

Cansilde aliichungulia picha ya zamani, akaitia kifuani. Mlangoni aligeuka. Uso wake ulikuwa umelowa machozi, lakini hapakuwa na msamaha usoni mwake, hata kidogo.

"Mutoto, papa," alisema. "Sisi tunasema mutoto."

Akaenda zake. Karenzi alikuwa ameshapiga simu nyumbani.

"Kabatesi! Limekwisha, mke wangu! Mpe Bella simu nimsikie."

Kwenye simu sufuria iligongana na nyingine. Redio ilikuwa inaimba. Kabatesi alikuwa amechangamka, siku nyingi hakuwa amechangamka hivyo.

"Bella nani?" aliuliza.