Kiti cha Mshauri

"Mshauri, tatizo langu siyo mtihani. Mie nimeoa."

Sekela alikuwa na swali lake la kwanza mdomoni, lile la "hofu hii ya mitihani ilianza lini?", likamkwama hapo hapo. Mbele yake, kwenye kiti cha mteja, Nurdin alikuwa anatazama sakafu. Pembeni Madam Auleria, mwalimu wao, ameshika kalamu ya kusahihishia. Alhamisi hiyo darasa zima la saikolojia mwaka wa pili limetulia tuli.

Hawakupanga hivyo hata kidogo. Jana yake tu walikaa mgahawani hapo hapo chuoni Chang'ombe, wakala chipsi mayai sahani moja, wakatunga kila kitu. Nurdin atajifanya mteja anayeogopa mitihani, Sekela atamshauri, watavuna alama, wataondoka.

Ngoja niwaeleze sheria za kile kiti, maana ndizo zilizomponza binti wa watu. Kwenye mazoezi ya ushauri nasaha ya Madam Auleria, mteja anaweza kuleta tatizo la kweli au la kutunga, na hakuna anayeruhusiwa kumwuliza ni lipi. Kinachosemwa pale kinabaki pale. Mshauri hakatishi mtu, hashtuki, halaumu. Na sheria kubwa kuliko zote: ukipangwa na ndugu yako au mpenzi wako, unasema mapema ubadilishiwe.

Sekela na Nurdin walikuwa wachumba tangu mwaka wa kwanza, kwa siri. Walipopangwa pamoja walitazamana, wakafunga midomo yao. Nani anakataa alama za bure?

"Umeoa," Sekela alirudia kwa upole, kama walivyofundishwa.

"Likizo ile ndefu, nilipoenda Masasi. Baba alikuwa amezidiwa. Akasema anataka aniache nimemwoa binti wa shangazi. Ndoa ikafungwa pale pale alipolala. Wiki ile ile akafariki."

"Unajisikiaje unaponieleza hili?"

"Naona aibu. Kuna mtu nampenda huku Dar, na hajui."

"Hajui."

"Mke wangu anakuja Jumamosi kuishi na mie. Nimeshindwa kumwambia huyo mtu."

Sekela alinyamaza. Alinyamaza muda mrefu mpaka watu wa nyuma wakaanza kunyoosha shingo. Alichokuwa anakitaka duniani ni kuinuka, kumpiga kibao kimoja kizuri, kisha alie. Madam Auleria akaandika kitu kwenye karatasi yake, akaitikia kwa kichwa kuonyesha ameridhika.

"Muda wetu umekwisha," Sekela alisema mwisho. "Asante kwa kuniamini."

Darasa likapiga makofi. Nawaambia kweli, lilipiga makofi.

Baada ya kipindi Sekela alimkamata Nurdin nyuma ya maktaba, penye matanki ya maji.

"Seke, nisikilize..."

"Nimeshakusikiliza! Nimepigiwa na makofi. Nauliza, kwa nini pale? Tangu likizo mpaka leo, siku zote hizo tunakaa wote, tunakula wote, kwa nini usubiri pale?"

"Kwa sababu pale usingeweza kunikatisha."

"Unasemaje?"

"Kila nikijaribu kukuambia unaanza habari za kitanda tunachotengenezewa, habari za sherehe, unacheka, naishiwa nguvu. Nikasema pale kwenye kiti lazima utanisikia mpaka mwisho."

"Yaani ulitafuta sehemu ambayo siruhusiwi kulia."

Waoga wapo wengi mjini, lakini huu uoga wake ulikuwa umesoma mpaka chuo kikuu.

"Baba alikuwa anakufa, Seke. Ungekuwa wewe ungemwambia hapana?"

Sekela alimhurumia, na kumhurumia kulimkasirisha zaidi.

"Sawa. Kwa baba ulishindwa. Kwangu je?"

"Kwako bado nipo. Dini yangu inaruhusu. Utakuwa wa pili kwa hesabu tu, lakini moyoni..."

"Koma! Mama yangu hapokei simu yangu tangu Pasaka kwa ajili yako. Mwanamke anauza mchele Kyela peke yake anisomeshe, mie nikamwambia nabadili dini, naolewa na Nurdin, apende asipende. Nilimwambia hivyo, Nurdin! Mama yangu mzazi! Na wakati huo wewe ulikuwa na mke tayari."

"Nisamehe."

"Nenda."

Nurdin alipiga hatua, akarudi. Msidhani alirudi kuomba msamaha tena.

"Jumatano tuna kikao cha pili. Naomba usimwambie Madam kwamba tulikuwa wapenzi. Atatufutia wote wawili. Nikirudia mwaka, nyumbani nitawaambia nini?"

Sekela alimtazama kama anamwona kwa mara ya kwanza, akaondoka zake.

Jumamosi asubuhi akili ilimwambia atulie chumbani, miguu ikampeleka Keko. Karakana ya fundi Mfaume ipo barabarani kabisa, makabati na vitanda vimepangwa mpaka nje, unga wa mbao kila mahali. Hapo ndipo kitanda chao kilipokuwa kinatengenezwa, mninga mtupu, sita kwa sita. Maua ya alizeti kwenye kichwa cha kitanda aliyachagua Sekela mwenyewe. Fundi alitaka kuchonga moyo, wakabishana mchana mzima, Sekela akashinda.

"Shem!" Mfaume alimchangamkia. "Mbona huku? Kitanda kimeshaondoka. Braza kakipakia kwenye kirikuu saa hizi hizi, kasema nyumba inaingia mtu leo."

"Eh... ndiyo. Nilisahau."

"Umesahau siku yako mwenyewe, shem?"

"Mitihani hii, fundi. Inatuvuruga."

Alicheka, fundi naye akacheka. Sekela alipofika mbele kidogo akasimama nyuma ya kabati la mtu asiyemjua, akalia.

Kesho yake mchana, anafua, simu ikaita. Namba ngeni.

"Haloo?"

"Shikamoo dada." Sauti ya binti, nyepesi, yenye lafudhi ya kusini. "Samahani, naongea na Mshauri?"

"Nani mwenzangu?"

"Naitwa Somoe. Mie mke wa Nurdin. Namba yako nimeikuta kwenye simu yake, ameandika Mshauri. Nikamwuliza, akasema ni dada wa chuoni, anamsaidia mawazo tangu msiba wa baba."

Sekela akakaa chini, juu ya nguo zake mbichi.

"Dada, upo?"

"Nipo."

"Naomba unisaidie na mie. Nimekuja jana tu, sina ninayemjua huku. Mume wangu hali. Nikimsemesha anaitikia tu. Amenitengenezea kitanda kizuri, sijawahi kuona, kina maua ya alizeti hapa kichwani. Nikamshukuru mpaka nikalia. Halafu yeye kachukua mkeka, kalala sebuleni. Dada yangu, kwani nimemkosea nini?"

Tangu Alhamisi Sekela alikuwa anamchukia mwanamke asiyemjua. Alimtengenezea sura, akampa na kiburi. Sasa sauti ile ikamvurugia kila kitu. Huyu naye alikuwa ameolewa kwa amri ya mgonjwa, akaletwa mjini, akawekwa kwenye kitanda cha mwenzake.

Angeweza kumwambia pale pale. Lakini kile kiti kilikuwa bado kimemkalia kichwani: kinachosemwa pale kinabaki pale. Na kusema kweli, alijiogopa pia. Hakujua kama akifungua mdomo atamsaidia huyu binti au atamlipiza Nurdin kupitia kwake.

"Somoe, hujamkosea kitu. Nipe siku mbili tatu, nitakupigia mwenyewe."

"Asante dada. Mungu akubariki."

Baraka ile ilimuuma kuliko tusi.

Jumanne aligonga mlango wa ofisi ya Madam Auleria. Mwanafunzi hagongi mlango ule kwa hiari. Madam alikuwa mama wa makamo asiyecheka ovyo, anayeweza kukurudisha na kazi yako kwa sababu umeandika "mteja ana kichaa."

"Shikamoo Madam."

"Marahaba. Kaa. Umekuja kwa ajili ya kesho?"

"Kesho sitaweza kukaa kwenye kile kiti."

"Wewe? Nimekupa alama za juu darasa zima. Ule ukimya wako ulikuwa ukomavu mtupu."

"Haukuwa ukomavu, Madam. Nilikosa pumzi."

Madam akaweka kalamu chini.

"Yule mteja ni mchumba wangu," Sekela alisema. "Alikuwa. Na yule mtu wa Dar asiyejua chochote, ndiye mimi."

Feni ya ukutani ilizunguka, ikarudi, ikazunguka tena. Sekela hakulia. Machozi yake yote yalikuwa yamebaki Keko.

"Mlipopangwa pamoja mlijua sheria?"

"Tuliijua."

"Mkanyamaza."

"Tulitaka alama."

"Nawafutia wote. Mtarudia somo hili mwakani, na sitaki mtu aje kunililia." Kisha Madam akashusha sauti. "Na mimi nilikaa pale nikaona mtoto wa watu anakatika vipande, nikaandika vizuri sana. Hilo ni langu. Pole, mwanangu."

Neno hilo, mwanangu, lilikaribia kumvunja.

"Madam, naomba kuuliza. Mke wake amenipigia. Anadhani mie ni mshauri kweli, anataka nimsaidie. Yale aliyoyasema Nurdin kwenye kiti, nimefungwa nayo?"

"Mshauri angefungwa. Lakini wewe hukuwa mshauri pale, Sekela, ulikuwa mchumba. Kijana alikuwa anamwambia mchumba wake kwamba ameoa, ila alitafuta kiti cha kujikingia. Ya kwako ni yako, unaweza kumwambia umtakaye. Ila usimdanganye yule binti kwamba unamshauri."

Jumatano Nurdin alifika darasani amenyoa vizuri, shati limenyooshwa. Madam akawasomea wote wawili uamuzi wake mbele ya wenzao, maneno mawili matatu, akaendelea na kipindi. Sekela alikaa dirishani, hakugeuka. Simu yake ikatetemeka.

"UMEFURAHI SASA? UMETUFELISHA WOTE."

Nyingine:

"Ulishindwa hata kunivumilia kikao kimoja tu?"

Na nyingine tena:

"Seke nakupenda ujue."

Hakujibu hata moja. Jioni, jua halijazama bado, alikaa kitandani mwake akaipiga ile namba.

"Shikamoo dada Mshauri!"

"Somoe, mie siyo mshauri. Nilisoma tu kitu hicho, na nimekifeli. Naitwa Sekela. Nilikuwa mchumba wa Nurdin."

Sekela akaendelea kabla hajaulizwa.

"Nilikuwa sijui kama ameoa. Nimejua Alhamisi iliyopita. Sijakupigia nikutukane wala nimrudie. Nimekupigia kwa sababu uliniuliza umemkosea nini, na nikakuacha na hilo swali. Hujamkosea kitu. Ametukosea sie wote wawili."

Kule upande wa pili kulisikika sufuria linawekwa chini.

"Mchumba wa muda gani?" Somoe aliuliza taratibu.

"Tangu mwaka jana."

"Kabla yangu."

"Kabla yako."

"Haya maua ya kitandani, nani aliyachagua?"

Sekela alifumba macho.

"Mimi."

Alisikia pumzi ya mwenzake inavyokatika, akaumia kwa ajili yake kuliko alivyodhani angeumia. Halafu ile sauti nyepesi ikabadilika.

"Mimi nimebusu mikono ya huyu mtu kwa sababu ya hiki kitanda," Somoe alisema. "Yupo sebuleni hapa, anaangalia mpira. Subiri dada, usikate."

Nyayo. Pazia. Kelele za mtangazaji wa mpira, kisha televisheni ikazimwa.

"Nurdin, kaa chini. Mshauri wako yupo hewani, nimeweka sauti ya nje. Haya, anza wewe. Tunakusikiliza."

"Somoe... wewe... nani kakupa..."

"Hatukukatishi. Sema mpaka mwisho."

Sekela alimsikia Nurdin akimeza mate. Akamsikia akianza, "Mie nilikuwa nataka...", akanyamaza, akaanza tena, akanyamaza tena. Hakuhitaji kusubiri iliyobaki. Ile ilikuwa nyumba ya Somoe, na Somoe alionekana anajua la kufanya ndani yake.

"Somoe, mdogo wangu, mie naaga."

"Haya dada. Nashukuru." Kisha, kwa sauti ya chini: "Na pole na wewe."

Akakata. Hakuwa na mchumba, hakuwa na alama, kitanda kimelaliwa, na mwaka mwingine mzima ulikuwa unamsubiri kwenye somo lile lile. Alishika simu muda mrefu. Mwisho akaandika:

"Mama, siolewi tena. Nilikukosea. Nisamehe."

Hakutegemea jibu. Aliiweka simu kifudifudi juu ya shuka. Ikaita.

"Mama?"

"Amekufanya nini huyo?"

"Mama, shikamoo. Kumbe alikuwa ame..."

"Nilikuambia! Sekela, nilikuambia au sikukuambia? Umekula?"

"Sijala. Mama, alikuwa ameoa tangu..."

"Ameoa! Eh! Ameoa, halafu anamchezea mwanangu! Na wewe na shule yako yote hiyo ya kusoma vichwa vya watu usimwone? Kichwa kigumu kama baba yako. Ulikuwa unaniacha mie kwa ajili ya mtu kama huyo?" Sauti ya mama ikapasuka, akaanza kulia kabla hata Sekela hajalia. "Nimekaa na simu hii siku zote, mtoto wewe. Naiangalia inaita jina lako, najikaza nisiipokee. Ulifikiri ilikuwa rahisi?"

Alimkatisha, akamlaumu, akamlilia, hakuacha sheria hata moja ya Madam Auleria bila kuivunja. Sekela aliibana simu sikioni kwa mikono miwili na kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi akalia kwa sauti, huku mama yake akiendelea kumsema.