Sehemu ya Faksi

Je, anayekuita kipenzi asubuhi aweza kukuibia mchana? Mtunza kumbukumbu wa kampuni ya miwani alijiuliza hivyo tangu Jumatatu.

Alikutana na fundi wa kompyuta ndani ya lifti iliyojaa watu: yeye katika gauni la kijani, fundi katika shati jeupe, nyaya zimemzunguka shingoni.

"Kaka, hizo nyaya ni kazi au mkufu?"

"Kazi, dada. Nimeitwa kupima kama programu yenu ya wateja ibadilishwe."

"Yangu hiyo? Ina miaka kumi na sita na haijaniangusha."

"Basi nitaiheshimu kama mama mkwe."

Lifti nzima ilicheka. Mwezi haukwisha, wakawa wapenzi.

Lakini Jumatatu alirudi mapema kutoka chakula cha mchana, akamkuta fundi mezani kwake akinakili orodha ya wateja kwenye flashi. Fundi alizima skrini haraka mno.

"Nitakueleza Ijumaa kwenye kikao, kipenzi."

Kikulacho ki nguoni mwako, aliwaza. Hakupokea simu zake hadi Alhamisi.

"Simu yako ina homa? Nimepiga mara tisa."

"Nani amekutuma uchukue wateja wetu?"

"Hakuna. Nivumilie hadi kesho."

"Kesho nitasema nilichokiona, mbele ya mkurugenzi."

"Sema, mpenzi. Una haki."

Kikaoni mtunza kumbukumbu alisimama, akasema yote. Fundi hakukana.

"Ripoti yangu ya kwanza ilishauri sehemu ya faksi ifutwe, maana faksi haitumiki tena. Sikuifungua kwanza. Kumbe programu haina pa kuandika maelezo ya wateja, na mtunza kumbukumbu ameyaandika humo." Akasoma: "'Mama huyu hasikii kwa sikio la kulia, kaa kushoto kwake. Mtoto huyu huogopa taa, mwache aishike kwanza.' Yako maelfu. Toleo jipya lingeyafuta yote. Nimekuwa nikiyaokoa kila mchana, na niliona aibu kumwambia kwamba nilishauri yafutwe."

Mkurugenzi alimgeukia mtunza kumbukumbu. "Mwenye kuitumia ni wewe. Tuibadilishe?"

Alilitazama lile shati jeupe, ambalo leo halikupigwa pasi.

"Kuficha kwake sikukupenda, na nitamwambia tukiwa wawili," alisema. "Programu ibadilishwe, lakini baada ya mimi kukagua kila neno. Na Jumapili fundi huyu nampeleka nyumbani, akamwone mama."